Firigisi Nyuma ya Mkebe wa Unga

Kibanda changu cha ushonaji pale Kitale kilipakana na ukumbi wa video, na kati yetu palikuwa na mabati tu, tena yenye matundu ya misumari. Mimi huku nashona sketi za shule, wao kule wanauana. Kutwa nzima milio ya risasi, breki za magari, wanawake wakipiga nduru. Na mimi si mtu wa kunyamaza, Mungu alininyima hiyo. Nilikuwa nagonga bati kwa makasi, nawaambia wapunguze sauti, kuna watu wanafanya kazi duniani. Basi yule kijana wao wa kutafsiri ananijibu kwenye kipaza sauti bila kusimamisha filamu: "Mabibi na mabwana, jirani amekasirika, hata jambazi ameshtuka!" Ukumbi mzima unaangua kicheko. Nilimchukia kijana yule kwa moyo wangu wote. Siku hizi pale wanauza simu, pamenyamaza, na kila nikipita namkumbuka.

Hiyo ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili. Filamu zilikuja na Kiingereza chao au Kichina chao, na mwenye ukumbi alimweka huyo kijana kando ya televisheni atueleze kwa Kiswahili. Kusema kweli hakuwa anatafsiri. Alikuwa anaijenga filamu upya. Wazungu wa ng'ambo aliwageuza watu wa hapa kwetu, wa Matisi na Kiminini, wakawa na madeni ya mbolea na mashemeji wasumbufu. Wazazi wake walikuwa wametoka upande wa Kati wakanunua shamba Trans-Nzoia, lakini matusi ya Kibukusu aliyajua kuliko sisi Wabukusu wenyewe.

Jumamosi mchana, watu wakishatoka sokoni, ziliwekwa zile za kutisha zilizopendwa kuliko zote. Zilikuwa na mtindo mmoja: majambazi wanavamia nyumba ya mtu mnyonge, mzee au mjane au msichana aliyeachwa peke yake, wakidhani wamepata mteremko. Kumbe wamejipeleka wenyewe. Mwenye nyumba anafunga milango kwa ndani na kuanza kuwawinda mmoja mmoja, na sasa wezi ndio wanaolia mama. Hapo ukumbi ulikuwa haukaliki. Nani pale hakuwa ameibiwa? Kuku, baiskeli, mahindi yakiwa bado shambani. Hakuna aliyemshangilia mwizi.

Shangazi yangu alizisikia filamu hizo kabla ya kuziona, na alizisikia akiwa kibandani kwangu.

Alikuwa dada mkubwa wa baba, mjane asiye na mtoto, na boma lake lilikuwa upande wa Mabanga, nje kidogo ya mji wa Bungoma. Siku moja ya soko, mchana kweupe, majirani wote wamekwenda kuuza na kununua, wanaume watatu waliingia kwake bila hodi, wameshusha kofia za boshori mpaka kidevuni. Wangeiba tu na kwenda zao ingekuwa afadhali. Hapana. Walimwambia achinje kuku. Akachinja. Wakamwambia asonge ugali. Akasonga. Wakakaa mezani kwake, wakapandisha boshori mpaka puani tu, wakala polepole, halafu wakamfunga kwa leso yake mwenyewe, wakabeba redio, blanketi na pesa za mahindi, wakaenda. Aliyekuja kumfungua alikuwa shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, ambaye boma lake liko ng'ambo ya ua tu.

Sasa, kwetu kuku si kitoweo. Kuku ni heshima. Mgeni akija ukakosa kumchinjia, utasemwa mpaka kaburini. Na mtu akisikia umewachinjia wezi, haki ya nani, utasemwa mpaka ng'ambo ya kaburi. Wanawake kisimani walianza, "Ati aliwaongeza mchuzi?" Wanakijiji walicheka kwa sababu waliogopa, hilo nalielewa leo. Wakati ule niliposikia nilitaka kwenda Mabanga na makasi yangu.

Shangazi akaja kwangu Kitale na begi moja, akasema amekuja kutembea. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Yeye siku ya tatu alichukua sindano mwenyewe akaanza kunishonea vifungo. Hakutaja kurudi. Baba alikuja na mpango: shangazi abaki mjini, shamba alime yule shemeji. Shemeji alikuwa tayari, tena tayari sana. Shangazi hakusema ndiyo wala la, na mvua za kupanda zilikuwa zinakaribia. Sote tulijua shemeji akishalima shamba lile mara moja, mama wa watu hatakuwa na nyumba tena. Atakuwa na kitanda kwa watu.

Mwanamke niliyemjua mimi alikuwa akikemea fahali kwa mkono kiunoni. Huyu aliyekuja alikuwa akiangusha vifungo kila mteja alipoingia bila hodi. Niliumia kumtazama.

Halafu akaanza kusikiliza bati. Mwanzoni aliuliza kama ni redio. Nikamweleza. Akasogeza kigoda chake karibu na ukuta, mimi nikajifanya sioni. Mchana mmoja wa Jumamosi nilikuwa napiga pasi ya makaa, kule ng'ambo kijana ametulia kabisa, akisema kwa sauti ya chini, "Huyu mama anajua wako ndani. Anawasikia. Lakini hapigi nduru, bana. Anakaa kwa kiti chake. Anasema: karibuni, nimewangoja." Shangazi akasimama, vifungo vyote vikamwagika.

"Nataka kuona huyo mama," akasema.

"Shangazi, kule ni kwa makonda wa matatu na wavulana wa miraa. Mama wa kanisa ataingia vipi?"

"Kwa mguu."

Nilimbembeleza, nikamtisha, nikamwambia mchungaji atasikia. Akafunga kitambaa chake cha akina mama wa kanisa vizuri zaidi, akatangulia.

Tulipoingia, ile harufu ya jasho na njugu ilitupokea, na blanketi zilizoziba madirisha zilifanya mchana kuwa giza. Makelele yakakatika. Konda mmoja akatema miraa yake mkononi na kuinuka: "Mama, kaa hapa mbele." Benchi zima likasogea. Kijana wa kutafsiri akatazama kile kitambaa, akameza mate, akatangaza, "Leo tuna mzazi ndani ya nyumba. Matusi yote yamefungwa mpaka kesho." Mwenye ukumbi akakubali kuirudisha filamu mwanzo. Makonda hawakulalamika, na ukijua makonda wa Kitale utajua huo ni muujiza.

Filamu yenyewe naikumbuka vipande vipande. Nyumba kubwa ya mbao, theluji nje, mama mzee mwenye fimbo, na wezi watatu wanaotafuta vijiko vyake vya fedha. Kijana alihangaika vibaya sana. Mwizi akitukana, yeye anasema, "Hapa anasema maneno ambayo si ya Jumapili." Watu wanakufa kwa kicheko. Lakini shangazi hakucheka. Alikuwa ameinama mbele, mikono magotini, na mara akaanza kusema na televisheni. "Usipite hapo, kijana. Hapo si ndio stoo? Huoni atakufungia?" Mwizi akapita hapo hapo, mlango ukafungwa. Ukumbi ukalipuka. "Nilimwambia!" shangazi akapaza sauti. "Si nilimwambia?"

Kijana akaona amepata mwenzake. Kuanzia hapo kila mara yule mama mzee alipofungua kinywa, kijana aligeuka na kuuliza, "Mama, hapa anasema nini?" Na shangazi akasema. Mama wa theluji akaanza kuwaambia wezi wapanguse miguu, watoe kofia ndani ya nyumba ya watu, waseme walilelewa na nani huko kwao. Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Na shangazi naye, mara ya kwanza tangu aje, akacheka, kile kicheko chake kikubwa cha kupiga paja. Nilitoka pale nikimpenda kijana yule, nisipompenda nifanye nini.

Tulirudi kibandani. Nikadhani sasa atachangamka, tutazungumza filamu mpaka jioni. Badala yake akakaa kwenye kigoda.

"Yule mama alishinda kwa sababu gani?" akaniuliza.

"Alikuwa na akili."

"La. Aliijua nyumba. Wale wezi hawakuijua." Akaokota kifungo sakafuni, akakigeuza geuza. "Wa kwangu, mmoja aliijua."

Nikaweka pasi chini.

Akanieleza. Kwetu firigisi ya kuku ni ya mwanamume, mwenye boma au mgeni mkubwa, na mwanamke akila ni aibu. Alipokuwa bibi arusi mchanga, mumewe alifanya kazi mbali, na shangazi akichinja kuku siku za sikukuu, firigisi haina mwenyewe. Akaanza kuificha kwenye kibakuli kidogo nyuma ya mkebe wa unga, watu wakishakula, yeye anaila peke yake. Siku moja mdogo wa mumewe, mtoto asiye na mama ambaye shangazi ndiye aliyemlea, akamfumania. Akampa nusu ili asiseme. Tangu hapo ikawa siri yao. Kuku akichinjwa, kibakuli nyuma ya mkebe, nusu yake, nusu ya mtoto. Mtoto akakua, akaoa, akahamia ng'ambo ya ua, na mambo yale yakaisha.

"Siku ile," shangazi akasema, "nilikuwa natetemeka mpaka mwiko unaanguka. Lakini mkono una mazoea, mwanangu. Nilipika, nikatoa firigisi, nikaiweka nyuma ya mkebe. Na wezi wako nyuma yangu! Wazimu gani huo? Halafu nikapakua. Wawili walikuwa wanaongea, wanaagiza chumvi. Wa tatu hakuwa ametoa neno tangu waingie. Huyo akainuka, akapeleka mkono nyuma ya mkebe, akachukua kibakuli. Hakutafuta. Mkono wake ulienda tu, kama wangu. Ameshaitia mdomoni ndipo akakumbuka. Akanitazama kwa hayo matundu ya boshori. Mimi nikamtazama. Na ndiye aliyekuja kunifungua, akilia."

Damu ilinipanda kichwani. "Shemeji! Na unanyamaza? Kikulacho kiko nguoni mwako na unakifulia nguo! Twende kwa chifu. Twende tuwaambie watu!"

"Watu watafanya nini?"

 Miaka ile mtu akiitwa mwizi hakufikishwa kwa chifu. Tairi lilifika kwanza.

"Nilimlisha kwa mkono huu," akasema. "Nikisema, watamchoma. Nisiposema, nitakaaje na yeye ng'ambo ya ua, anajua ninaogopa? Ndiyo maana niko hapa nashona vifungo. Siyo wezi wanaonizuia kwenda kwangu. Ni huyo mmoja."

"Achomwe!" nikasema, na nilimaanisha.

Hakunigombeza. Akatazama bati. "Yule mama kwa filamu hakupiga nduru," akasema. "Aliwakaribisha."

Mvua ya kwanza ilipopiga mabati ya soko la Kitale, nilifunga kibanda tukaenda Mabanga. Shangazi aliita watu kwa sala ya shukrani: akina mama wa kanisa, mchungaji, wazee wa ukoo, baba yangu, na shemeji. Alichinja mwenyewe. Nilitaka kumsaidia akanifukuza jikoni. Sebule ilijaa, nyimbo zikaimbwa, mchungaji akaomba maombi marefu ya mtu aliyenusa mchuzi. Shemeji alikaa karibu na mlango. Alikuwa mwanamume mrefu, mpole, mwenye kukohoa kabla ya kusema, na mbaya zaidi ni kwamba mimi pia nilikuwa nimempenda maisha yangu yote. Alikuwa akinichongea fimbo za kuchezea nilipokuwa mdogo.

Shangazi akaleta sinia. Macho yote yalijua firigisi inakwenda kwa mchungaji, na mchungaji mwenyewe alikuwa ameshajiweka sawa kitini. Shangazi akampita. Akawapita wazee. Akaenda hadi mlangoni, akaweka mbele ya shemeji kile kibakuli kidogo.

"Kula, shemeji," akasema. "Ni yako. Wewe ndiye unajua inakaa wapi."

Chumba kikapiga makofi! Walidhani anamshukuru kwa kumfungua siku ile. Mama mmoja akapiga vigelegele, mchungaji naye akasema amina, ingawa kwa shingo upande. Shemeji akatazama kibakuli, halafu akamtazama shangazi. Jasho lilimtoka palepale, kwenye baridi ya mvua. Angekataa, wangemuuliza kwa nini. Akachukua firigisi akatafuna, akatafuna, ikakataa kushuka. Shangazi alisimama mbele yake akitabasamu mpaka akaimeza. Nilikaa pembeni nikiwa na furaha mbaya, nikasikia kabisa sauti ya yule kijana wa Kitale kichwani mwangu: mlango umefungwa, bana, mwizi ameshatambua yuko ndani.

Asubuhi tulikuta redio mlangoni mwa jikoni, imefungwa kwa gunia. Shangazi akaiwasha, ikaimba, akaenda kukamua ng'ombe. Mpango wa shemeji kuchukua shamba haukutajwa tena. Wiki hiyo shemeji alikuja na fahali wake, akamlimia shangazi shamba lote kabla ya kugusa la kwake.

Tangu hapo kila Krismasi ikawa hivyo. Kuku akichinjwa, watu wakiketi, kibakuli kinapita wazee wote na kutua mbele ya shemeji. Nilikuwa nafunga kibanda mapema, naacha nguo za watu za sikukuu hazijakunjwa pindo, naenda Mabanga nione tu. Ile ndiyo ilikuwa filamu yangu. Nilipenda namna alivyotafuna bila kuinua macho. Hakukosa hata mara moja, maana kukosa kungehitaji sababu. Na katika mwaka mzima, uzio wa shangazi ukianguka, asubuhi umesimama. Ng'ombe akipotea, jioni yuko zizini.

Lakini miaka inakwenda. Watu wakaanza kununua mashine za kuchezea filamu nyumbani kwao, benchi za ukumbi zikabaki wazi, na siku moja nikagonga bati kwa makasi kwa mazoea tu nikakumbuka hakuna mtu wa kunijibu. Kijana alikuwa ameondoka bila kuaga, walisema yuko Eldoret anauza vyombo. Nililia, wallahi, mimi niliyemtukana miaka yote ile. Na kule Mabanga, kile kitu nilichokipenda kikaanza kunichosha. Shemeji alikuwa ameota mvi, amekonda, kikohozi chake si kile cha upole tena. Nikamwambia shangazi, "Si inatosha?" Akasema, "Hiyo si juu yako."

Krismasi ya mwisho ninayotaka kuieleza ilikuwa karibu na mwisho wa muongo ule. Sebule imejaa, mchungaji mpya asiyejua lolote, wazee wale wale. Shangazi naye sasa alitembea kwa fimbo. Akaleta kibakuli, akawapita wote, akafika kwa shemeji. Shemeji tayari alikuwa ameinamisha kichwa na kunyoosha mkono, kama mtu anayekwenda kupokea viboko alivyozoea.

Shangazi hakumpa. Alivuta kigoda, akaketi karibu naye, akatoa kisu cha mboga kwenye leso. Akaikata firigisi katikati. Nusu akaiweka kwenye kiganja cha shemeji. Nusu akaitia mdomoni mwake mwenyewe, mbele ya wanaume wote wa ukoo, akatafuna bila haraka.

Mzee mmoja akakohoa. Mchungaji akageukia dirisha. Mwanamke kula firigisi, tena hadharani, tena siku ya Krismasi! Shemeji alikuwa ameshika nusu yake, na yule mwanamume mrefu alilia kwa sauti, mabega yanatikisika, na hakuna aliyejua kwa nini ila sisi watatu.

Shangazi akafuta kisu kwa leso. Akatutazama wote.

"Mnaniangalia nini?" akasema. "Kuleni, ugali unapoa."